Mshereheshaji Aliyempeleka Mama Msituni

Katika mji mmoja alikuwepo mshereheshaji, mmoja wa wale wa kushika kipaza sauti kwenye harusi. Mnamjua mtu wa aina hiyo. Akikusalimia wewe mmoja, mtaa mzima unaitikia. Msimwangalie mwenyekiti wa kwaya, simsemi yeye.

Bwana huyu alikuwa na mama yake mzazi. Macho ya mama yalishazima miaka mingi, na sasa masikio nayo yalianza kuziba. Daktari alishasema yanakwenda taratibu na hayarudi. Jioni moja mama akamwita mwanawe.

"Baba, nipeleke kwenye ule msitu wa juu kule kwetu, kabla masikio hayajafunga. Nataka kusikia mabawa ya hondohondo akipita juu ya miti, na yale maji ya korongoni. Sina lingine."

Mwana akaguswa. Alimpenda mama yake, tusimwonee. Akaapa moyoni kwamba hiyo itakuwa safari ya kukumbukwa. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana mtu wa sherehe hajui kumpenda mtu bila kamati.

Kamati ikakaa. Mama alisema angependa waende wawili tu, akaambiwa asiwe na wasiwasi, yeye ni wa kukaa na kutunzwa. Mashangazi wakashona sare za kitenge. Ikaagizwa keki yenye umbo la mti. Likatafutwa turubai, likatafutwa jenereta, na spika mbili ndefu kama milango. Kila mama alipouliza ni lini, alijibiwa kuna kitu kidogo bado kinakamilishwa. Masika yakaja, yakapita. Ikafika mahali ukitaka kumwita lazima umguse bega kwanza.

Siku ikafika. Getini akatoka askari wa msitu, dada mmoja mpole, akayazunguka magari, akasema jenereta na spika haziingii, zinawafukuza wanyama.

"Lakini watu karibuni wote," akasema. "Bibi nitamshika mkono mwenyewe. Njia ya kwenda kwenye maji ni tambarare, na si mbali."

Hebu jiulizeni, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mshereheshaji akaitazama njia inavyopotelea kwenye giza la miti. Akazitazama spika zake. Nani atazilinda? Na ratiba je? Keki itakatwa saa ngapi, na mashangazi watacheza wapi? Akamwomba askari awape muda kidogo, wafungue tu sherehe hapo nje ya geti, kando ya barabara, kisha wataingia.

Jenereta likaunguruma. Akashika kipaza sauti, na siku hiyo alisema kuliko siku zote. Aliusifu msitu, akamsifu mama mpaka mashangazi wakatoa vitambaa. Mama alikaa chini ya turubai, sahani ya pilau magotini, akitabasamu kila alipoguswa. Askari alirudi kuwakumbusha, akaombwa avumilie. Akarudi tena, akapewa keki. Jua likashuka, geti likafungwa.

Nyumbani, mwana akapiga magoti kumvua mama viatu, moyo umemjaa raha ya mtu aliyetimiza ahadi. Mama akampapasa kichwa.

"Asante, baba. Sherehe ilikuwa nzuri. Nilipohisi tumesimama njiani sikutaka kuuliza, nikajua ni kazi yako imekuita. Harusi ilikuwa ya nani?"

Mwana akakiweka kiatu chini.

"Na msituni tunakwenda lini?"

Akafungua mdomo, yule ambaye hajawahi kukosa la kusema. Kilichotoka kilikuwa kidogo mno. Mama akainama, akalisogeza sikio mpaka likagusa midomo ya mwanawe.

"Sema, baba. Sikusikii."

Naona mmenyamaza. Kwenye keki mlicheka, mkadhani namsema mtu wa mji mwingine.

Sisi je? Wiki nzima tunajiandaa kwenda mbele za Mungu. Sare zimenyooshwa, mapambo yamebadilishwa, kamati imekaa mpaka imegombana. Jumapili tunafika, tunapiga vyombo, tunapongezana, tunaimaliza ratiba, tunarudi nyumbani tumeshiba. Geti lilikuwa wazi. Nani kati yetu aliingia? Aliyetuita aliomba kitu kidogo, twende tukae naye. Sisi tumemfanyia sherehe kando ya barabara. Na msidhani masikio yetu yatatusubiri tumalize kupanga. Yanaziba, wapendwa. Yanaziba huku tunacheza.

Mimi mwenyewe mnanijua, kuninyang'anya kipaza sauti ni kazi ya wanaume wanne. Leo nakiweka chini bila kushikwa.

Wewe wa mitambo, zima spika. Zima na hilo feni. Kwaya, kaeni. Hebu tuingie.