Ufunguo wa Stoo ya Vishikwambi

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni hii ya juzi tu vishikwambi vilipoanza kugawiwa mashuleni, palikuwa na mwalimu mkuu huko milimani Usambara aliyeitwa Shekalaghe. Mtu mwema, mchapakazi, ila mwoga wa hasara. Ujanani mwake redio ya shule iliibwa, akaandikishwa maelezo mpaka mkono ukamuuma. Basi vishikwambi vilipofika akavipokea kwa tabasamu, akapiga navyo picha, akavifungia stoo. Wazazi wakiuliza, anajibu, "Vipo salama." Na kweli vilikuwa salama, hakuna mtoto aliyewahi kuvigusa.

Kustaafu kwake kukakaribia. Afisa elimu akapanda mlima, akamwambia, "Mwalimu, niandalie mtu wa kukurithi. Simtaki wa kutunza vifaa, namtaka wa kuongoza shule ivitumie. Ukimpata, mkabidhi ufunguo wa stoo, nami nimpeleke mafunzo ya walimu wakuu. Nafasi ni moja."

Shekalaghe akaitikia, lakini moyo ulimuuma. Hakuwa amemwandaa mtu. Hata yeye hakuna aliyemwandaa. Alipopewa ukuu alikabidhiwa funguo na muhuri, basi.

Hajajua aanzie wapi, akafiwa huko Korogwe. Akaondoka na ufunguo mfukoni. Huku nyuma mtihani wa darasa la saba unabisha hodi, na kitabu kimoja cha sayansi kinagombewa na dawati zima. Mwalimu Mwajabu wa Kiswahili, ambaye hata simu yake ilikuwa ya vitufe, akamwita mwenyekiti wa kamati ya shule, akawaita wazazi washuhudie, akakata kufuli kwa msumeno.

"Kosa likiwapo ni langu," akasema. "Mwalimu Mkuu akirudi, aanze na mimi."

Ndani vishikwambi vyote vilikuwa vimekwisha chaji. Hapo akaingia Mwalimu Hidaya wa hisabati, mwenye mikono myepesi na subira ndogo. Akavichaji, akavitia masomo, akawaonyesha watoto moyo wa mtu unavyodunda. Siku ya gulio, ambayo nusu ya darasa huwa sokoni na mama zao wakiuza mapeasi, darasa likajaa.

Shekalaghe akarudi kutoka msibani, akaliona kufuli lililokatwa, akafura. Akaenda kumtafuta Mwajabu. Akapita dirishani kwa darasa la saba, akasimama. Watoto wameinama, wananong'ona, wanaulizana. Miaka mingapi hajaona darasa la namna ile? Akarudi ofisini bila kumkemea Mwajabu, akaagiza kufuli jipya.

Lakini Hidaya alikuwa mjamzito. Akaenda likizo ya uzazi, na nywila zote za kuvifungulia vishikwambi alizijua yeye peke yake. Vikanyamaza tena.

Ndipo Mwalimu Hoza wa michezo akabeba mkungu wa ndizi, akaenda kumpongeza Hidaya aliyejifungua. Akarudi na nywila, na maelekezo aliyoyaelewa nusu. Akawaita walimu wenzake baada ya vipindi, akafunga mlango. Alishajua kwamba walimu wazee hawaogopi kishikwambi. Wanaogopa kuchekwa na watoto. Mle ndani hakucheka mtu. Wa mwisho kuingia alikuwa Shekalaghe mwenyewe, akakigusa kioo kwa ncha ya kidole na kukiondoa upesi.

"Taratibu, Mkuu," Hoza akamwambia. "Hakiumi."

Shekalaghe alifurahi siku ile kuliko siku aliyopewa ukuu.

Ila Hoza naye! Ijumaa ya usafi, watoto wakisugua madawati, akawaambia wavisugue vishikwambi pia. Wakasugua kweli, kwa maji na sabuni. Kadhaa havikuwaka tena.

Siku ya afisa kurudi ikafika, na Hidaya akaja na mtoto mgongoni. Shekalaghe akawaita wote watatu ofisini.

Mwajabu akasema, "Nisingekata kufuli, wenzangu wangeongoza nini? Stoo?"

Hidaya akasema, "Kufuli hata mwizi anakata. Mimi ndiye niliyevifanya vifundishe. Nilipoondoka, si mliona?"

"Tuliona," Hoza akadakia. "Tuliona shule nzima inamsubiri mtu mmoja. Mimi nikiondoka leo, kesho vipindi vinaendelea."

"Vinaendelea na sabuni," Hidaya akasema. Hata Shekalaghe akacheka.

"Na wewe Mwajabu," Hoza akaongeza, "mpaka leo hujui kukiwasha."

"Sijui. Nitafundishwa. Je, kuthubutu kunafundishwa wapi?"

Mtoto wa Hidaya akapiga chafya, mama yake akamtikisa mgongoni.

Shekalaghe akautoa ufunguo mfukoni. Aliwatazama kwa upendo na kwa aibu: yote matatu waliyoyafanya yalikuwa kazi yake, na hakuna hata moja alilolifanya. Nje gari la afisa linanguruma, na ufunguo ni mmoja. Akimpa Mwajabu, shule itapata jasiri asiyejua. Akimpa Hidaya, itapata mjuzi asiyeachia. Akimpa Hoza, itapata mwalimu wa walimu, na watoto wafiche sabuni.

Akanyoosha mkono. Watatu wakanyoosha yao.

Nanyi mnaonisikiliza, msinitazame mimi. Watoto wenu ndio watakaosoma pale. Je, nani alistahili? Ufunguo ule mngeuweka mkononi mwa nani?