Kiti Kando ya Mwantumu

Hapo zamani, na wala si zamani ya babu zetu bali zamani ya juzijuzi ambayo hata nyinyi mmeiona, palikuwa na watu wanne mjini Korogwe waliopenda kitu kimoja na kukigombania kila Jumamosi. Kitu chenyewe kilikuwa katuni za Kijapani, zile ambazo wapenzi wake huziita anime. Tegeni masikio, maana mwishoni nitawatwisha mzigo ambao mimi peke yangu umenishinda.

Wa kwanza alikuwa Hemedi Kihiyo, mwenye kibanda cha filamu karibu na stesheni. Ukimpelekea flashi, anakujazia unachotaka. Wa pili alikuwa Mwalimu Elisante, aliyefundisha Kiingereza sekondari na kuwatafsiria wenzake yale maandishi yanayopita chini ya picha. Wa tatu alikuwa Pendaeli, mpiga kinanda wa kwaya ya kanisani. Wa nne alikuwa Mwantumu, fundi cherehani, na kisa hiki ni chake.

Katuni waliyoipenda kuliko zote ilihusu binti anayeitwa Hanemi, mlinzi wa daraja ambalo wafu hulivuka. Kaka yake alikuwa amekwisha kuvuka, naye Hanemi alisubiri siku ya kumrudisha. Watu wanne, hadithi moja, na kila mtu na lake.

"Hadithi ni maneno," alisema Mwalimu Elisante. "Yaondoe maneno uone kama hutabakiwa na michoro ya watoto."

"Maneno gani, Mwalimu?" Hemedi alimjia juu. "Hanemi aliporuka kutoka paa hadi paa alisema neno gani?"

Pendaeli akawacheka wote. "Masikio mmeyaacha nyumbani. Kaka mtu akikaribia, filimbi inashuka mara tatu. Nyinyi hamjamwona bado, filimbi imeshamwona."

Mwantumu yeye alikuwa upande wa picha. Aliangalia mavazi. Aliwahi kushona gauni la kitenge lenye mikono mipana kama ya Hanemi, na wanawake wa mtaani wakaja mbio kuagiza lao. "Muziki ni chumvi," alimwambia Pendaeli. "Nani anakula chumvi tupu, shoga yangu?"

Basi wakagombana hivyo msimu wa kwanza, wakagombana msimu wa pili, na wa tatu ukawakuta bado wanagombana.

Siku moja uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Mwantumu akaulamba, akaujaribu tena, ukakataa. Akadhani ni uchovu. Miezi ikapita ndipo akaenda hospitali, akaambiwa ni presha ya macho na kwamba amechelewa. Mvua za masika zilipokwisha, hakuweza tena kujua kama taa imewashwa au imezimwa.

Alifunika cherehani kwa khanga, akahamia kwa dada yake Mwanjaa, akalala ameelekea ukutani. Hakutaka kula wala kuoga, na watu hakutaka hata kuwasikia. Hadithi ya Hanemi ilikuwa imebakiza sehemu saba tu, lakini nani alikuwa na moyo wa kuikumbuka?

Hemedi alikuwa nao. Alikwenda akapiga hodi. Mwanjaa akatoka akamwambia, "Hataki mtu, kaka Hemedi." Akarudi kesho yake. "Hataki mtu." Akarudi kesho kutwa. Siku kumi na moja alirudishwa mlangoni. Siku ya kumi na mbili hakupiga hodi. Aliiweka televisheni ya kibandani kwake juu ya guta, akaisukuma mwenyewe hadi barazani kwa Mwanjaa, akaomba umeme, akaiwasha.

Sauti ya Mwantumu ikatoka ndani. "Kaka Hemedi, unanikejeli? Kipofu ataangalia nini?"

"Sijui wewe utaangalia nini. Mimi nimekuja kuangalia. Kwangu umeme umekatika."

Ulikuwa uongo, umeme ulikuwepo. Basi ukaanza wimbo wa kufungulia, ule wenye ngoma kubwa na filimbi. Mwantumu alilala akiusikiliza. Ulipofika katikati aliinuka, akapapasa ukuta, akatoka nje na kuketi mkekani. Mwanjaa, ambaye wiki nzima alikuwa akimbembeleza aonje uji, aliondoka akaenda kuuchemsha upya.

Tangu hapo Hemedi alifunga kibanda kila Jumamosi, siku ambayo wateja humiminika kuliko zote. Wengi walihamia kibanda cha ng'ambo ya barabara na hawakurudi. Hakumwambia Mwantumu.

Ila Hemedi hakujua kusimulia. "Sasa anampiga! Lo! Dada Mwantumu, ungeona!" Neno hilo likawadondokea wote wawili. Jumamosi iliyofuata akaja na Mwalimu Elisante.

Mwalimu naye alianza vibaya. Akisema, "Anakwenda kule," Mwantumu humuuliza, "Kule wapi, Mwalimu?" Akisema, "Ameshika hiki," huulizwa, "Hiki nini?" Mwalimu akarudi nyumbani na aibu yake. Akawa anaangalia kila sehemu mara tatu kabla ya Jumamosi, daftari mkononi, kisha anafumba macho na kujiuliza ni nini hakioni. Baada ya wiki chache alikuwa mtu mwingine. Alisimulia rangi ya ukosi wa Hanemi, jinsi theluji ilivyokaa kwenye kope zake, hatua alizopiga kabla ya kugeuka. Mwantumu akataka waanze upya kuanzia sehemu ya kwanza kabisa, kwa kuwa zamani, alisema, aliangalia nguo tu.

Na Pendaeli, shoga yake wa kufa na kuzikana, alikuwa wapi?

Pendaeli hakukanyaga. Alipotoka kwaya alizunguka barabara ya nyuma ili asipite mbele ya nyumba ya Mwanjaa. Aliogopa, hakujua atasema nini. Miezi sita ilipita hivyo. Halafu alasiri moja alifika na kinanda mgongoni, akasimama mlangoni analia.

"Uliniacha, Penda," Mwantumu alimwambia.

"Nilikuacha."

Hakuongeza sababu. Alikiweka kinanda mkekani, akavishika vidole vya Mwantumu, akavipanga. "Huyu ni Hanemi. Huyu ni kaka yake. Huu ni mto. Sikiliza, mto haunyamazi hata wanapozungumza." Mwantumu akabonyeza mwenyewe, akakosea, akabonyeza tena. Kwa mara ya kwanza tangu uzi ukatae sindano, mikono yake ilikuwa na kazi.

Pendaeli hakukosa tena. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Mwaka ulipokaribia kuisha, Mwantumu alikuwa akiitwa kupiga kinanda harusini, na watu wakituma mtu kumchukua mapema asije akawahiwa na wengine.

Basi ikafika sehemu ya mwisho. Mwalimu alikuwa ameshaiangalia nyumbani, na alipoiangalia moyo ulimwishia. Siku hiyo Pendaeli alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Wakaketi Mwantumu, Hemedi na Mwalimu. Mwalimu akasimulia: "Hanemi amemshika kaka yake mkono. Wanavuka wote wawili. Wanafika nyumbani, mlango unafunguliwa, mama yao anatoka."

Lakini Mwantumu alisikia kingine. Alisikia wimbo wa mto, kisha wimbo wa Hanemi ukipigwa mara moja, polepole, bila sauti yake ya mwisho. Ulikatika. Haukuwahi kukatika hata siku moja.

"Kweli wamefika wote, Mwalimu?"

"Kweli."

"Kaka Hemedi?"

Hemedi alimtazama Mwalimu, akaitazama televisheni. "Ndivyo hivyo alivyosema Mwalimu."

Walipoondoka, Mwantumu alimwomba dada yake ampeleke kwa Pendaeli. Walimkuta ndiyo kwanza anarudi.

"Penda, umeshaiona ile ya mwisho?"

"Jana."

"Hanemi yuko wapi?"

"Amekufa," Pendaeli alisema papo hapo, hata begi hajalitua. "Kaka yake amerudi, yeye amebaki upande wa pili badala yake."

Mwanjaa alimkaripia, akasema hata habari ya msiba hutanguliziwa maji ya kunywa. Mwantumu alilia mpaka kitambaa kikalowa. Ila ndani ya kilio hicho alijua jambo moja: masikio yake hayakumdanganya. Waliomdanganya ni watu.

Wiki tatu hakusema na wanaume wale wawili. Mwishowe Mwalimu alikuja akaketi chini kabisa, kwenye sakafu.

"Nilidhani umeshapoteza vya kutosha, dada yangu."

"Nani alikupa kazi ya kunipimia vya kutosha?"

"Hakuna," alisema Mwalimu. Wakapatana hivyohivyo, maana watu wanaopendana hawana kwingine pa kwenda. Siku ile ya kupatana walikaa wote wanne, na Mwantumu alizungumza kuliko siku zote. "Nilisema muziki ni chumvi, nikakosea. Aliyeutunga hakuwa anaipamba hadithi, alikuwa anaisimulia kwa mlango mwingine. Nyinyi mlipita mlango wa mbele. Mimi nilipofungiwa huo, nikaingia kwa wa uani, nikamkuta Hanemi yuleyule. Na ule wimbo kukatika, hakuna neno wala picha iliyosema kifo vizuri hivyo."

Hemedi alikuwa amewasha simu mfukoni, anarekodi. Redio moja ya Dar es Salaam ilikuwa imewataka wapenzi wa anime watume maoni yao kuhusu muziki wa katuni waipendayo, na mshindi apewe zawadi. Hemedi akaituma sauti ile, akaongeza namba ya Mwantumu na maneno yake mawili matatu kwamba msemaji haoni. Hakumuuliza mtu.

Wiki mbili baadaye simu ya Mwantumu ikaita. Ameshinda. Wapigaji kutoka Japani watakuja kuupiga muziki wa Hanemi ukumbini Dar es Salaam, siku moja tu, na picha zitaonyeshwa ukutani. Amewekewa kiti safu ya mbele, na kando yake kiti kimoja cha msindikizaji.

"Umeutangaza upofu wangu redioni?" alimuuliza Hemedi.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo maana watu huuliza, kaka Hemedi."

Alikasirika, lakini kwenda alitaka. Alitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Akamwomba Mwanjaa amsindikize. Mwanjaa akasema, "Mie makelele ya Wajapani siyawezi. Chukua mmoja wa wagonjwa wenzio wa katuni."

Mmoja yupi? Wakakutana barazani, na hapo ndipo urafiki wao ulipopimwa.

Hemedi alianza. "Kosa langu la redioni nalijua, na la kuitikia uongo nalijua. Lakini mlipokuwa makwenu, mimi nilikuwa nafukuzwa mlangoni. Siku kumi na moja! Wateja wangu wako ng'ambo ya barabara mpaka leo, na sikuwahi kukwambia, dada. Bila televisheni ile ungekuwa bado umeuelekea ukuta. Na bila kosa langu, hicho kiti tunachokigombania hakipo."

"Ukutani kutakuwa na picha," alisema Mwalimu Elisante. "Nani atakusimulia? Hemedi ataanza na 'lo, ungeona'? Nimezijaza daftari nne kwa ajili ya macho yako. Nilikudanganya mara moja, tena kwa huruma. Mara zote nyingine, kila ulichokiona, ulikiona kwangu."

"Mara moja ndiyo hiyohiyo, Mwalimu," Hemedi alimchokoza. "Tutajuaje kama hakuna nyingine?"

"Na wewe uliyeitikia?"

Walirushiana maneno hivyo mpaka Mwantumu akagonga mkeka. "Penda, mbona kimya?"

"Sina la kudai," Pendaeli alisema. "Siku zako za giza kali sikuwepo. Hawa walikuwepo." Kisha sauti ikampanda. "Ila ule ni muziki, Mwantumu. Kule watu wanakwenda kusikiliza. Nani hapa anausikia unavyousikia wewe? Nilikupa kazi ya mikono yako. Ulipotaka ukweli ulikuja kwangu, hukwenda kwao. Mimi tangu nirudi sijakudanganya hata kwa neno moja."

"Ulirudi amekwisha kuinuka," Hemedi alisema taratibu.

Pendaeli aliinamisha kichwa.

Mwantumu aliwasikiliza wote watatu. Alimjua kila mmoja kwa pumzi yake. Aliwaomba waende, akabaki barazani na simu mapajani. Alijaribu kumwondoa Hemedi akashindwa. Akajaribu kumwondoa Mwalimu, akazikumbuka kope za Hanemi zenye theluji. Akajaribu kumwondoa Pendaeli, na vidole vyake vikakataa.

Saa kumi alasiri simu ikaita. Mwanamke wa redioni alimsalimia, akamwambia anajaza orodha na hawezi kungoja tena. "Dada Mwantumu, niandike jina la nani?"

Mwantumu alitaja jina moja, na jina hilo likaandikwa. Nalijua. Lakini sitalitamka mpaka nyinyi kwanza mnijibu: aliyemtoa ndani, aliyemrudishia macho, na aliyempa masikio na ukweli, ambao ndio haohao: aliyemtangaza, aliyemdanganya, na aliyemkimbia. Je, kati ya hao watatu, nani alistahili kukaa kando ya Mwantumu?