Tela Lisilopakwa Rangi

Rangi haibebi mawe.

Neno hilo mmelisikia asubuhi hii kwa Mama Ombeni, muuza ndizi, alipoiona pikipiki imeegeshwa mbele ya kibanda chake. Mmecheka wote. Mjukuu wangu Elinihaki peke yake hakucheka, maana pikipiki ni yake, ameinunua kwa mtu, imetumika lakini inang'aa kama kikombe cha ushirika mtakatifu. Sasa mmekuja kuniuliza nani alianza kusema hivyo. Hapo mmepatia. Mimi shule niliishia darasa la nne, vitabu sivijui, ila methali hii naijua tangu ilipokuwa chuma cha moto mkononi mwangu.

Zahanati yetu ya Kiruve mnaiona leo, uwanja wake mgumu, gari linaingia mpaka mlangoni. Haikuwa hivyo. Wakubwa waliochagua mahali pa kuijenga walikuja wakati wa kiangazi, wakanyoosha kidole wakiwa bado ndani ya gari: "Jengeni pale." Sisi tulijua kwamba mvua ikishuka, maji yote ya mlimani hupita pale pale, na udongo mwekundu unageuka uji. Tulijua. Nani alituuliza?

Mke wangu Namkunda aliugua mwezi wa kumi na moja. Nesi akasema apelekwe hospitali kubwa, upesi. Gari likaja, likafika getini, likashindwa kuvuka uwanja. Tukambeba kwa machela, watu sita, tunazama mpaka magotini. Baadaye nilirudi nikapima mwenyewe. Ni hatua arobaini tu kutoka mlangoni mpaka getini. Tulimfikisha garini akiwa amekwisha nyamaza.

Kwenye mazishi wakubwa walikuja. Walitoa hotuba. Wakaahidi kujaza uwanja mawe na changarawe. Nikangoja miaka minane.

Mwaka wa nane, binti yangu Nanzia akabeba mimba yake ya kwanza. Nesi akampigia hesabu za miezi, akamwambia utajifungua mwezi wa kumi na moja. Wengine walifurahi. Mimi nilitazama ule uwanja, nikatazama mlima, nikasema moyoni: safari hii singoji hotuba ya mtu.

Mawe yalikuwepo, yamejaa kule korongoni. Shida ilikuwa kuyasogeza. Kuyabeba kichwani tulikwisha jaribu mwaka mmoja; tulichojaza wiki nzima, mvua ya siku moja ilikimeza. Kijiji kilikuwa na pawatila moja, ile trekta ndogo ya kushika mikono. Tukakubaliana linunuliwe tela dogo la kubinua, lililotumika, la kufungwa nyuma yake. Mwenyekiti wa kijiji, Kajiru, akasema kazi ya kwenda kulitafuta mjini ni yake. Niliomba twende wote, maana mimi ni fundi wa kuchomelea na nimetoka katika ukoo wa wahunzi. Akanijibu, "Fundi Mkwizu, hii ni kazi ya uongozi."

Siku aliporudi nalo, jamani! Lilipanda mlima likiwa la kijani kibichi, magurudumu meusi tii, limeandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe: KIRUVE KAZI TU. Wanawake walipiga vigelegele. Watoto walikimbia nyuma yake mpaka wakapoteza kandambili. Hata mimi, na uchungu wangu wote, nilisimama kando ya barabara nikajikuta nacheka peke yangu. Moyoni nilimwona Nanzia akivuka ule uwanja ukiwa mkavu kabisa.

Nikalisogelea, nikaweka kidole gumba kwenye bati. Rangi ikabaki kidoleni. Ilikuwa haijakauka. Nikachukua nyundo yangu ndogo, nikagonga huku na huku. Chuma kizima ukikigonga kinaitika, ti! Kibovu kinanyamaza. Pale nyuma, kwenye bawaba mbili ambazo tela linageukia linapobinuliwa, niligonga mara tatu, likanyamaza mara tatu.

"Mwenyekiti," nikamwita. "Hapa ndani pana ubovu."

"Fundi, acha. Jumamosi ni msaragambo, kijiji kizima kazini, wageni wa wilaya wanakuja wiki ijayo, wewe unaanza kugongagonga."

"Nakwambia halijaitika."

Akanishika bega, mbele za watu. "Mzee wangu, tunajua uchungu wako wa mama Nanzia. Usiuletee kwenye kazi ya kijiji."

Niliondoka. Nawaambia ukweli, niliondoka, nikanyamaza siku mbili nzima, kama kile chuma. Hilo ni kosa langu mimi.

Jumamosi baragumu lililia asubuhi, watu wakatoka nyumba kwa nyumba kwa msaragambo. Mnajua wenyewe jinsi siku hiyo inavyokuwa: majembe begani, nyimbo, kila mtu anamtania jirani. Tela likajazwa mawe korongoni mpaka juu, pawatila ikanguruma, likafika uwanjani salama salimini. Vigelegele tena! Ikabaki kulibinua. Lilikuwa na jeki ya kupampu kwa mkono, inayosukuma sanduku la tela juu upande wa mbele. Lakini ule mlango wa nyuma ulifungwa kwa pini, na pini ile ilitaka mtu asimame nyuma, chini ya mzigo, aivute sanduku likiwa limeanza kuinuka. Vijana wanne walikuwa wakigombania nafasi hiyo.

Hapo ndipo Bi Nakijwa alipopita katikati ya watu. Alikuwa shangazi yake baba yangu, mkongwe wa ukoo wetu, anatembea na fimbo lakini macho yake bado makali. Sisi wahunzi tuna desturi moja. Anayesema kitu ni kizima, yeye ndiye wa kwanza kusimama pale ambapo kitu hicho kikivunjika kitamwumiza. Babu yangu alipofua minyororo ya daraja, alivuka wa kwanza na mwanawe mgongoni. Ndipo wengine wakavuka.

Bi Nakijwa akasimama mbele ya Mwenyekiti.

"Kajiru mwanangu, umesema tela hili ni zima?"

"Zima kabisa, mama. Nimelikagua mwenyewe."

"Vizuri. Hawa vijana wakae pembeni. Pita wewe nyuma, uvute pini."

Watu wakaangua kicheko.

"Mimi, mama?"

"Kwani pana Kajiru mwingine hapa?"

"Mama, nimevaa viatu vya ofisini."

"Vivue."

"Nitakushikia, Mwenyekiti!" akapiga kelele mtu mmoja. "Ukichelewa kurudi navirithi!"

Wakacheka zaidi. Kajiru naye akacheka, akapiga hatua kuelekea nyuma ya tela. Akatazama mawe. Akatazama pini. Kisha akanitazama mimi. Nililiona swali lake, nami nikatikisa kichwa.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Labda," akasema, sauti imepungua, "labda lijaribiwe kwanza."

Kicheko kikakatika. Hapakuwa na mtu asiyeelewa. Wale vijana wanne walisogea pembeni bila kuambiwa mara ya pili.

Nikafunga kamba ndefu kwenye pini, nikapeleka kila mtu mbali, nikasimama ubavuni kwenye jeki. Nikapampu. Sanduku likainuka shubiri moja, mbili, tatu. Kamba ikavutwa kutoka mbali, pini ikatoka. Mara tukasikia kra! Bawaba ya kushoto ikang'oka nzima nzima, sanduku likajipinda, mawe yakamwagika kwa kishindo pale pale vijana walipokuwa wakisukumana dakika chache kabla. Vumbi lilipotulia, tukaona tundu la kutu kubwa kama sahani. Lilikuwa limezibwa kwa gazeti lililokunjwa, juu yake bodifila, ule uji mzito wa kuzibia matundu ya magari, na juu ya bodifila, rangi ya kijani. Nikalivuta lile gazeti. Lilikuwa la mwezi ule ule.

"Nilimwambia muuzaji alipake rangi," Kajiru akasema. "Lipendeze kwa wageni. Rangi tu! Sikumwambia aweke gazeti."

Bi Nakijwa alinigeukia mimi.

"Na wewe mwana wa wahunzi, ulijua?"

"Nilijua, bibi."

"Ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Basi mna dhambi moja ninyi wawili. Mvua ni lini?"

Nikatazama mlima. Wingu lilikuwa limekwisha kukaa kileleni. "Siku tisa, kumi."

"Sasa mbona mmesimama?"

Siku zile tisa, wanangu, sijawahi kufanya kazi kwa raha kama ile! Mchungaji alitoa jenereta la kanisa, nikafunga mashine yangu ya kuchomelea. Kwanza tulilivua tela nguo zake zote. Grinda ilikula ile rangi asubuhi mpaka jioni, cheche zinaruka, na kila tulipofika kwenye chuma tulikuta ugonjwa mwingine. Fremu ilikuwa na ufa. Sakafu ilikuwa nyembamba kama chapati. Kibovu chote nikakikata nikatupa, mpaka likabaki mifupa, na wapo walioanza kusema fundi ameliua tela la watu.

Chuma cha kujazia tukitoe wapi? Watu wakaleta. Mmoja alileta nondo za dirisha. Wengine wakaenda kuchimbua mabomba mazito ya mradi wa maji, ule uliozinduliwa kwa kukata utepe na haukutoa hata tone moja. Nikawaambia leteni, angalau wakubwa wametuachia kitu. Ndani ya bomba moja nikapitisha chuma cha mviringo, unene wa mkono wa mtoto, kutoka ubavu mpaka ubavu, kikawa bawaba moja ndefu badala ya zile mbili za kuning'inia. Ufa wa fremu nikauchomelea, nikaubandikia pleti ndani na nje. Kwenye kila kona nikaweka chuma cha pembetatu, ili likijaribu kujipinda lisipate nafasi.

Zikabaki mbavu za chini ya sakafu. Zilihitaji vyuma virefu vya pembe, vinne, vilivyonyooka. Kijiji kizima hapakuwa navyo. Yaani vilikuwepo, nami nilijua vilipo.

Nilirudi nyumbani, nikakunja godoro, nikakifungua kitanda chetu cha chuma, changu na Namkunda. Nilikitengeneza mwenyewe mwaka tuliooana. Nanzia alinikuta natoka mlangoni na vile vyuma begani.

"Baba, utalala wapi?"

"Chini. Sakafu haina kutu."

Akashika mwisho wa vyuma, na tumbo lake lile, tukavipeleka pamoja.

Siku ya nane Kajiru alikuja na kopo la rangi. Lazima niseme, tangu lile tela livunjike alikuwa anakuja kila siku, anashika grinda, hana tena vile viatu. Lakini mazoea ni mazoea. "Fundi, tulipake angalau mkono mmoja tu. Wageni wanakuja kesho."

"Nikipaka, watu watajuaje kilicho chini?" nikamwuliza. "Kila atakayesimama nyuma ya tela hili auone mshono kwa macho yake."

Akalitazama kopo, akalirudisha mkobani. Tukachukua oili chafu na kitambaa, tukalifuta tela lote ili lisipate kutu. Likawa jeusi, lina makovu kila mahali, baya kama fisi. Nikagonga kwa nyundo yangu. Ti! Ti! Ti! Likaitika kila mahali.

Tukalijaza mawe kupita siku ile ya kwanza. Safari hii sikungoja kuitwa. Nikaenda nyuma, chini ya mzigo, nikashika pini. Kajiru alishika jeki.

"Fundi, una hakika?"

"Pampu!"

Sanduku likapanda. Nilisikia uzito wote ule ukikaa juu ya mbavu zangu nne, hazikulia hata kidogo. Nikavuta pini, nikaruka kando, mawe yakatiririka kama mahindi yanayomwagwa kutoka kwenye gunia. Nilipiga kelele, sijui nilisema nini. Bi Nakijwa alikuwa anacheza na fimbo yake!

Tulimwaga safari kumi na sita siku ile, na kesho yake tukaamkia kazini. Wageni wa wilaya walipofika, wakiwa na mpiga picha, walitukuta bado tunamwaga. Mkubwa wao alikuwa na shati jeupe. Alilitazama tela letu kwa kukunja pua.

"Mwenyekiti," akasema, "kwa nini hamkulipaka rangi kwanza? Nimekuja kupiga nalo picha."

Kajiru alikuwa amejaa vumbi mpaka kope. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Mheshimiwa," akasema, "rangi haibebi mawe."

Uwanja mzima ulilipuka. Watu walilirudia neno lile kuanzia pale mpaka korongoni, na jioni lilikuwa limekwisha kufika sokoni. Mimi wakubwa siwapendi, mnanijua, wala sitaanza uzeeni. Lakini haki ya mtu ni haki yake: neno hili ni la Kajiru, na alilinunua kwa aibu yake mwenyewe.

Mvua ilikuja siku ya kumi na moja. Ilinyesha juma zima. Na siku moja mchana, mvua ikiendelea, nesi akasema Nanzia apelekwe hospitali kubwa, mtoto amekaa vibaya. Gari likaja. Mimi nilisimama mlangoni mwa zahanati, macho getini. Likafika getini. Halikusimama. Likavuka zile hatua arobaini, maji yanaruka pembeni, likasimama mbele yangu kiasi cha kuligusa. Nanzia akapanda kwa miguu yake mwenyewe.

Kesho yake alijifungua salama, mtoto wa kiume, kwa kisu cha daktari. Wakamwita Elinihaki.

Naam, ndiwe wewe, mwenye pikipiki inayong'aa. Mbona hucheki? Inuka, kailete hapa, uilaze kwa ubavu. Nyundo yangu ile ndogo iko nyuma ya mlango. Tuigonge chesisi, mifupa yake, tusikie kama inaitika, maana rangi haibebi mawe.