Insha Moja, Majina Matatu

Nyamazeni kidogo, wakubwa kwa wadogo. Na wewe unayetafuna karanga, tafuna taratibu. Nina kesi imenikaa kooni tangu mwezi wa tano, nimechoka kuibeba peke yangu. Leo naibwaga hapa, mahakimu ni nyinyi.

Walikuwapo vijana watatu, Wabembe wa Fizi, kule Kongo, ingawa hiyo Fizi waliisikia tu kwa wazazi wao. Walikulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, kisha wakaletwa Marekani, kwenye mji mmoja wa baridi wenye kiwanda cha kuku. Wakaingizwa shule moja ya sekondari, darasa moja, mwaka wa mwisho.

Wa kwanza ni Asukulu. Huyu Mungu kampa kusoma. Mpe kitabu kinene kama tofali, atakimaliza, halafu atakusimulia kwa Kiswahili mwanzo hadi mwisho, asiache hata jina la mbwa. Lakini muulize, "Yule mzee alilia kwa nini?" Atakukodolea macho. Atakwambia, "Alilia sura ya tisa."

Wa pili ni Mapendo. Kiingereza chake kinachechemea, ukurasa mmoja unamla jioni nzima. Ila msimulie kisa chochote, cha kitabuni au cha jirani, atakuonyesha kiini kiko wapi. Tatizo ni kwamba darasani hafungui mdomo. Kalelewa hivyo: mkubwa akisema, mtoto anasikiliza, macho chini.

Wa tatu ni Wilondja, mkubwa wao kwa umri. Huyu kapewa kalamu. Maneno yakipita mkononi mwake yanatoka yamenyooka, hata kwa Kiingereza. Lakini kukaa na kitabu, hilo hawezi. Akitoka shule anakwenda kuosha mashine kiwandani, na akifungua riwaya kwenye basi anashtuka kapitiliza kituo.

Sasa kulikuwa na somo la fasihi ya Kimarekani, na bila kulifaulu hilo, hakuna kuhitimu. Mwalimu wake ni Madam Holt. Siku ya kwanza aliwasomea masharti, na masharti yenyewe, jamani, marefu kuliko mahubiri ya Pasaka! Uje darasani umeshasoma. Uje na la kusema, maana anayekaa kimya hapati alama za kuchangia. Kazi ikichelewa haipokelewi. Mwishoni mwa muhula kila mtu alete insha ndefu juu ya riwaya nzima, kazi yake mwenyewe, na hiyo ndiyo inayobeba alama nyingi.

Wote watatu walisikia. Wote waliitikia, "Ndiyo, Madam." Na hapo ndipo ninapotaka kuwakamata masikio, wao na wazazi wao, kwa sababu kusikia si kuuliza!

Kambini, darasa limejaa mpaka dirishani na vitabu ni vya kugombania. Kwa hiyo mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, mwenye kuelewa anafafanua, mwenye mwandiko anaandika, na mwalimu anasahihisha kazi ya kundi. Hawa watoto hawakujua kama kuna namna nyingine ya kusoma. Kwao "kazi yako mwenyewe" maana yake hukuiba kwa kundi la pili. Nani alikaa nao akawaeleza? Hakuna. Kila mtu alikuwa zamu.

Basi, ikawa kila jioni wanakutana jikoni kwa kina Mapendo, yeye akiwa na wadogo zake wawili miguuni na sufuria ya maharage motoni. Riwaya ilikuwa ya mkulima mmoja aliyegombana na jirani yake juu ya uzio, wakanuniana miaka na miaka, mwisho akafia peke yake ndani ya nyumba yake, na jirani akamwona siku ya tatu. Asukulu aliisoma yote. Alisoma kwa Kiingereza, akaishusha kwa Kiswahili, sura kwa sura, mpaka sauti ikamkauka akawa anakunywa maji ya chumvi. Bila yeye, wale wawili wasingejua hata huyo mkulima alikuwa na uzio.

Darasani Madam Holt aliuliza, "Kwa nini alikufa peke yake?" Watoto wa pale wakainua mikono: kiburi, kiburi, kiburi. Mapendo kimya, akapewa sifuri yake ya kuchangia. Jioni, huku anakoroga maharage, akasema, "Kiburi kitu gani? Asukulu, humo kitabuni kuna mtu hata mmoja aliyepiga hodi?"

Asukulu akafikiri. "Hakuna. Wanapigiana simu kwanza. Wanaandikiana barua."

"Kitabu kizima?"

"Kizima."

"Basi ndiyo hivyo. Wote wawili walikuwa wanasubiri kualikwa. Mtu hafi kwa kiburi, anakufa kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuja tu." Bila huyu binti, wale wengine wangeandika kiburi kama darasa zima.

Wilondja akalichukua hilo neno akaenda nalo kiwandani. Aliandika wakati wa mapumziko, glavu zimening'inia shingoni. Aliandika akafuta, akaandika upya, akamrudia Asukulu kumwuliza sura, akamrudia Mapendo kumwuliza maana. Akatafuta namna ya kumweleza Mmarekani hodi ni nini, kwa Kiingereza, Mmarekani aelewe na aone haya kidogo. Bila yeye, lile wazo lingeishia kwenye maharage.

Wakaipeleka siku yenyewe, haikuchelewa hata dakika. Insha moja. Na juu yake, kwa mwandiko mzuri wa kujivunia, wakaandika majina yote matatu.

Loo! Mnaona? Mwizi anaficha. Hawa wangenakili mara tatu, wakabadilisha maneno mawili matatu, kila mmoja akaweka jina lake, nani angewashika? Wangekuwa waongo wangefaulu. Hasira ninayoisikia hapo, acheni tu.

Madam Holt aliisoma usiku ule ule, na asubuhi aliwaita. Si mwanamke mbaya, tusimsingizie. Alikuwa na macho mekundu.

"Hii ndiyo insha bora niliyopata mwaka huu," akasema. "Ni ya nani?"

"Yetu," wakajibu.

"Hiyo 'yetu' siwezi kuipa alama."

Akaenda kwa mkuu wa shule kuwaombea, na mkuu akasimama pale pale kwenye sheria: insha moja, mwanafunzi mmoja. Muda wa kuandika nyingine umekwisha, ukimfungulia mmoja utawafungulia wote. Alichokubali ni kwamba mmoja wao achukue alama, ahitimu. Wawili sifuri, warudie mwaka. Wasipochagua hadi Ijumaa, wote watatu sifuri.

Nyumbani huko, kina mama walishanunua kitenge cha sare ya mahafali. Doti za rangi moja, familia zote tatu, na fundi keshakata. Niambieni, nani anamwendea mama yake kumwambia avue?

Jioni hiyo jikoni hakukupikika kitu. Asukulu ndiye aliyeanza. "Mimi nimekisoma. Sharti la kwanza la Madam ni kusoma. Kati yetu nani mwingine amekisoma?"

"Na wewe umekisoma ukaona nini?" Wilondja akamrukia. "Majina ya mbwa! Aliyeandika ni mimi. Kila neno lililo kwenye karatasi limetoka mkononi mwangu. Insha ni maneno, au ni nini?"

"Maneno ya nani?" Mapendo akauliza, taratibu. "Ukitoa langu, hapo unabaki na nini?"

"Mbona darasani hukulisema?"

Hilo lilimuuma. Akawachukua wadogo zake akaingia chumbani, na Asukulu na Wilondja wakaondoka kila mmoja na njia yake. Watoto waliokula sahani moja tangu kambini! Mafiga matatu yameivisha chungu, sasa yanaulizana lipi lililopika.

Ijumaa ikafika, wakaitwa ofisini. Madam Holt akaiweka insha mezani, akaweka na kalamu. "Futeni majina mawili," akasema.

Wakasimama. Ndipo Mapendo akainua uso, akamtazama mwalimu machoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mkubwa yeyote. "Madam, kwenye hii insha kuna kipande unaweza kukitoa, na bado ikabaki bora?"

Madam Holt akaigeuza karatasi ya kwanza, akaigeuza ya pili. "Hakuna."

"Basi unataka sisi ndio tukitoe, kwa kufuta majina?"

"Sheria si yangu, Mapendo."

"Hata sisi si yetu," akasema binti.

Sasa asije mtu akaniambia wagawane alama, hazigawanyiki. Asiniambie mkubwa awaachie wadogo, maana Wilondja akirudia mwaka ataacha shule, kiwanda kinamsubiri kwa mikono miwili. Asiniambie wakatae wote, maana hapo kina mama watatu watavaa sare kwenda kumpigia vigelegele mtoto wa mtu mwingine. Na mkimlaumu mwalimu, mkuu wa shule, wazazi au kambi, mimi nawaunga mkono, lakini lawama haimpi mtoto cheti.

Aliyesoma, aliyeelewa, aliyeandika. Mlango wa ofisi unakaribia kufungwa na kalamu iko mezani. Ishike wewe basi, tuone mkono wako: ungefuta majina gani mawili?