Bi Kanga na Shule ya Nyayo

Paukwa!

Pakawa!

Mbona huko nyuma kimya? Kina mama mnaochambua mboga, wekeni ungo chini kidogo. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na vitongoji vyao na wenyeviti wao, palikuwa na kitongoji kinaitwa Vumbini. Kiangazi, vumbi. Masika, tope mpaka magotini. Lakini jina halikubadilishwa, likabaki hilohilo, Vumbini.

Hapo Vumbini aliishi Bi Kanga. Mdogo wa mwili, mkubwa wa sauti. Akiona jambo limekaa vibaya, hawezi kulipita. Atasimama. Atalizunguka. Kisha utamsikia, kwekwe-kwe! Kwekwe-kwe! Majirani wanasema, "Haya, Bi Kanga ameona kitu."

Siku moja akaona mifupa njiani. Mifupa hapa, mifupa pale. Watoto wanakwenda kisimani wanachomwa miguu. Mifupa ya nani? Mnajua wenyewe. Ya Fisi.

Bi Kanga akaenda mpaka kwa Fisi. "Hodi hapa!"

"Karibu, jirani. Umekuja kunisema?"

"Nimekuja kukuuliza. Mifupa yako ukiitupa njiani, kesho ukitaka kuguguna mmoja, unauona?"

Fisi akajikuna. "Siuoni. Natafuta mpaka nachoka."

"Tukikuchimbia shimo, ukaiweka yote mahali pamoja?"

Fisi akacheka, he-he-heee! "Bi Kanga, hilo shimo nilikuwa nalitaka siku nyingi, sikujua tu kama nalitaka!"

Wakamwita Muhanga, yule mchimbaji mwenye masikio marefu. Chaka-chaka-chaka! Shimo likawa tayari kabla jua halijakaa kichwani. Njia ikawa safi. Watoto wakapita wanaruka.

Bi Kanga alikuwa hivyo. Leo mifupa. Kesho mti umeanguka juu ya njia ya kisima. Keshokutwa Nyani wawili wanagombea kivuli, yeye yuko katikati, mbawa zimemtanuka. Wengine walimpenda. Wengine walisema ana kiherehere. Yeye aliyasikia yote mawili, akaendelea na safari zake.

Sasa sikilizeni vizuri.

Wanyama wa zamani hizo walikuwa na shule. Huko hawakusomea karatasi. Walisoma nyayo. Unaonyeshwa alama chini, unaulizwa, "Huyu ni nani? Amepita lini? Amekwenda wapi?" Mtoto anayejua kusoma nyayo anaishi. Asiyejua, Mungu amsaidie.

Lakini shule ilikuwa moja tu, ng'ambo ya mto, kwa Mwalimu Kobe. Kiangazi watoto wa Vumbini walivuka wakikanyaga mawe. Masika mto ukijaa, guu-guu-guu, hakuna kuvuka. Miezi mitatu watoto wako nyumbani. Wakirudi shuleni wamesahau yote, wanaanza upya. Mwaka huu hivyo, mwaka ujao hivyo. Wazazi wakazoea.

Masika moja, Bi Kanga alikuwa juu ya kichuguu, anakausha manyoya. Akamwona Kidawa, binti wa Digidigi. Mtoto mzuri, miguu myembamba kama vijiti. Ametumwa majani ya mchicha. Anakuja anaruka. Hop. Hop. Hop. Kila anaporuka anatua ndani ya alama kubwa ya mviringo kwenye tope. Anacheka peke yake. Mchezo mpya huo! Hop, ndani ya alama. Hop, ndani ya nyingine.

Bi Kanga akatazama zile alama. Moyo ukamshuka. Zilikuwa nyayo za Chui. Mbichi. Maji hayajajaa ndani. Na zilikuwa zinaelekea kwenye kichaka cha miiba, na Kidawa naye anaelekea hukohuko, hop, hop.

Alipiga kelele ambayo Vumbini haijapata kuisikia. "KWEKWE-KWE! Kidawa! Rudi! Rudi, mwanangu! Kwekwe-kwe!"

Kidawa akasimama. Kichaka kikatikisika. Chui akatoka, phaa! Kidawa akageuka, akakimbia, Bi Kanga juu yake anampigia mbawa, "Kushoto! Pita kushoto!" Wakaingia kwenye miamba, mahali pembamba, Chui hapiti. Chui akazunguka mara moja, akazunguka mara mbili, akaenda zake.

Mama Digidigi alifika mbio. Akamkumbatia binti yake, akamuuliza, "Hukuziona nyayo?"

"Niliziona, mama."

"Sasa kwa nini ulizifuata?"

Kidawa akamtazama mama yake. "Nilidhani ni mashimo ya kuchezea."

Jamani, Bi Kanga aliyasikia hayo. Yeye wa kelele, akanyamaza siku nzima. Hakula.

Siku ya pili akaruka mto mpaka kwa Mwalimu Kobe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Habari za Vumbini?"

"Si nzuri. Tunataka shule upande wetu."

Kobe akafikiri. Mnajua Kobe akifikiri. Bi Kanga alikunywa maji, akarudi, bado anafikiri. Mwisho akasema, "Mimi mto huu nikiuvuka sirudi. Lakini ninaye mwalimu kijana, hodari, anaogelea. Mwalimu Kenge. Mtafutieni uwanja mkavu tu."

"Kenge?" Bi Kanga akakohoa. Mnajua Kenge na mayai.

Mwalimu Kenge mwenyewe akatoka nyuma ya jiwe, taratibu. "Bi Kanga, mayai niliyaacha tangu nilipoanza kufundisha."

"Nimefurahi kusikia, Mwalimu. Karibu Vumbini. Ila kiota changu sikuonyeshi."

Mwalimu wamempata. Uwanja je? Vumbini yote ilikuwa tope. Palikuwa na mahali pamoja tu palipoinuka, pakavu, pana mchanga laini wa kuandikia nyayo. Na hapo ndipo alipokuwa akilala Nyati, mwenyekiti wa kitongoji.

Bi Kanga akaitisha mkutano. Wakaja wote. Fisi yupo, Muhanga yupo, Digidigi na binti yake wapo. Bi Kanga akaeleza. Mambo ya Chui akayaeleza. Mama Digidigi akalia hadharani.

Nyati akapumua, hmmmf! "Suala hili tutaliangalia."

"Lini, Mwenyekiti?"

"Tutaliangalia."

"Masika hii au ijayo?"

"Bi Kanga, sisi tulisoma wapi? Hatujakua? Hatuna pembe? Uwanja ni wangu. Mkutano umefungwa."

Wakatawanyika. Wengine walinung'unika, lakini nani atamsogelea Nyati na pembe zile? Hata Fisi aliondoka kimya.

Bi Kanga hakuacha. Kila asubuhi alikwenda. "Mwenyekiti, shikamoo. Ule uwanja?" Hmmmf! Kesho tena, "Mwenyekiti, shikamoo. Ule uwanja?" Hmmmf! Siku sita. Siku ya saba alichelewa kidogo, alikuwa anaamua ugomvi wa Nyani. Akapita njia ya nyuma, kwenye nyasi ndefu. Nyati hakumwona akija.

Nyati alikuwa amesimama katikati ya uwanja wake, ameinamisha kichwa. Mbele yake, mchangani, palikuwa na alama. Anainusa. Anaizunguka kulia. Anaizunguka kushoto. Masikio yanamtetemeka. Mwili wote ule, pembe zote zile, anatetemeka.

Bi Kanga akanyoosha shingo aone. Ilikuwa alama ya Sungura.

Kijiti kikavunjika, ta! Nyati akageuka. Akamwona. Upesi akaikanyaga ile alama, akaifuta kwa kwato.

"Unataka nini?"

Sasa nyinyi mliopo hapa, mngefanya nini? Najua wapo ambao wangecheka. Wapo ambao wangekimbia kuwaambia majirani. Siku hiyo Bi Kanga alikuwa na neno la kumwangusha Mwenyekiti mbele ya Vumbini nzima.

Akakaa chini. Akapanga mbawa zake. Akasema kwa sauti ndogo, na sauti ndogo hakuwa nayo nyingi, "Alikuwa Sungura, Mwenyekiti. Amepita jana jioni. Hana neno."

Nyati akajilaza mchangani. Kisha akasema, "Na mimi nilivuka mto kusoma, kiangazi tu. Masika zote nilikuwa nyumbani, nikasahau yote. Baadaye nikawa mkubwa, nikaona haya kukaa na watoto. Kila alama ninayoiona, nadhani ni ya Simba. Silali, Bi Kanga. Najilaza tu."

"Pole, kaka yangu."

"Hapa kwangu pakiwa shule, nitakwenda wapi wakiniuliza alama?"

"Utakaa nyuma, usome. Shule yetu itapokea na wakubwa."

"Watanicheka."

"Atakayecheka atanikuta mimi."

Nyati akaangalia kwato zake. Akaangalia mto, umejaa, unanguruma. Akasema, "Waambie waje kesho."

Bi Kanga aliruka nyumba hadi nyumba. Kwekwe-kwe! Kwekwe-kwe! Muhanga akachimba mfereji maji yasiingie uwanjani. Nyani, walewale wa ugomvi, wakaleta magogo ya kukalia. Fisi akaleta mfupa mmoja, mzuri, wa kugongea kengele. Alisema hakuna haja ya kuurudisha.

Asubuhi Mwalimu Kenge akatoka mtoni, maji yanamchuruzika. Watoto wakacheka jina lake. Alipoanza kufundisha, hawakucheka tena.

Na nyuma kabisa alikaa Nyati. Gogo halikumtosha, akakaa chini. Watoto wakageuka kumtazama. Kidawa akainuka mbele, akaenda akakaa karibu naye. "Babu Nyati," akasema, "mimi pia sijui."

Siku zikapita. Siku moja Mwalimu akaonyesha alama mpya, akaita, "Babu Nyati!"

Nyati akasogea. Akainama. Akachukua muda wake. "Huyu... huyu ni Nungunungu. Miiba imeburuta hapa. Amepita alfajiri, umande umo ndani. Amekwenda... amekwenda kwenye mihogo ya Ngiri."

Mwalimu Kenge akasema, "Sawasawa."

"Nungunungu!" akapiga kelele Ngiri aliyekuwa gogoni, akatimka mbio kuwahi mihogo yake. Watoto wakacheka mpaka wakalala chini, na Nyati akacheka nao, hmmmf-hmmmf-hmmmf, mchanga ukaruka.

Mchana huo alilala usingizi mzito, anakoroma, na hakuna aliyemwamsha. Bi Kanga alisimama kidogo kumsikiliza, moyo wake umetulia. Kisha akajikung'uta akashuka mtoni, maana Kiboko alikuwa amelala tena mahali pa kuchotea maji.

Basi, wanangu na nyinyi wakubwa wenzangu, mafunzo yake ni haya. Jambo la jirani yako ni lako, lisemee mpaka lisikike. Na ukiijua aibu ya mtu, usimwangushe nayo, mnyanyue. Na kusoma hakuna umri.

Hadithi yangu imefika mwisho, hapo ndipo nimeishusha. Mmeipokea?

Tumeipokea!

Basi nendeni nayo nyumbani.