Bibi Harusi wa Gaspari

"Msumari ndio ujuao uzito wa picha." Maneno hayo mmeyasikia leo kwa shangazi yenu, mlipomwambia kwamba kupikia watu mia mbili si kazi ya kumtoa mtu jasho. Mmecheka, lakini naona mnataka kujua yametoka wapi. Basi sogezeni viti. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na mji mdogo wa reli, na katika mji huo palikuwa na ghala kuukuu la pamba. Pamba ilipokwisha, panya wakahama, wachoraji wakahamia. Walikuwa saba, wengi wao waandikaji wa vibao vya vinyozi na hoteli za chai, na kila mwaka baada ya mavuno walifanya humo maonyesho ya picha zao. Kuta zilikuwa za udongo. Ukipigilia msumari, unazama kama kijiko kwenye uji. Kwa hiyo walisimamisha viambaza vya plaiwudi, na kazi ya kutundika ikawa ya Mwamvita, seremala wa vitanda aliyewatengenezea pia fremu. Picha ikipendeza, alisifiwa mchoraji. Picha ikikaa upande, aliitwa Mwamvita. Alikwisha kuzoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachobana, ila hakiimbii wimbo wa sifa.

Mwaka huo mambo yalikuwa magumu. Halmashauri ilitaka ghala liwekwe mbolea, ikamtuma diwani, Mheshimiwa Lugendo, aje kuwa mgeni rasmi na kukata shauri. Naye hakuficha.

"Nikikuta utaratibu, mtabaki," aliwaambia. "Nikikuta fujo, Jumatatu nataka funguo mezani kwangu."

Mwamvita akatundika picha zote siku mbili kabla, akazipima kwa pimamaji moja baada ya nyingine. Zote isipokuwa moja. Kwa desturi yao, picha iliyofika mwisho ndiyo iliyowekwa katikati, ikitazama mlango wa kuingilia, kwa sababu rangi yake ilikuwa bado inang'aa. Waliiita bibi harusi. Na Gaspari, mchoraji hodari aliyejipenda kidogo, kidogo kama chumvi ya baharini, alichelewa makusudi kila mwaka ili bibi harusi awe wake.

Siku yenyewe, wageni wameshaanza kuingia, Gaspari akatokea na wapagazi wawili wanaohema. Picha ilikuwa ya nyati, nzuri ajabu. Mwamvita akaigonga kwa kidole.

"Gaspari, hii ni picha au ni mlango?"

"Hadibodi za kuchorea zimeisha dukani, dada. Nikaung'oa mlango wa stoo. Mninga mtupu!"

"Wachora picha juu ya mlango, mimi niutundike kwa misumari ya inchi mbili?"

"Ah, wewe tundika tu. Mambo ya misumari hayo ni madogo."

Mwamvita alitamani kumjibu, lakini gari la diwani lilikuwa limekwisha kuegeshwa. Akapitisha waya kwenye tundu la kiambaza, akauvuta hadi upande wa nyuma, akaufunga kwenye msumari aliopigilia katika mbao ya kule. Kwa mbele hapakuonekana waya wala msumari. Nyati alikaa pale peke yake kama aliyezaliwa ukutani.

Diwani akasimama mbele yake, akakohoa, akasema ana mambo saba. Waliomfahamu wakatafuta pa kuegemea.

Lilipofika jambo la pili, Mwamvita alisikia mlio mdogo, kwii. Akajipenyeza nyuma ya kiambaza. Msumari ulikuwa umeinama kama mzee anayerukuu, na kabla hajapata nyundo, ukachomoka. Akaudaka waya. Akajizungushia kanga mkononi, waya juu ya kanga, mguu mmoja kwenye mbao, akajilaza nyuma kama mtu anayevutana na ng'ombe kisimani. Kuita msaada hakuweza. Fujo ndiyo hiyo hiyo diwani aliyokuwa akiitafuta.

"Tazameni picha hii, ndugu zangu!" diwani alikuwa akisema upande wa pili. "Nyepesi! Imetua kama kipepeo!"

Mkono wa Mwamvita ukateleza. Nyati akashuka kidole kimoja, kisha akapanda tena.

"Mnaona? Hata yeye anaitikia kwa kichwa!"

Watu wakapiga makofi, Gaspari akainama kuyapokea. Nyuma ya plaiwudi jasho likamwingia Mwamvita machoni. Jambo la tatu likapita. La nne likazaa vijukuu. Vidole vyake vikaanza kufa ganzi, akajua amebakiwa na mawili: picha ianguke, au aseme.

"Mheshimiwa," alisema, "hilo la tano liwe la mwisho."

Watu wakageuza vichwa kuitafuta sauti.

"Nani anazungumza?" diwani akauliza.

"Msumari."

"Msumari gani?"

"Ulio huku nyuma. Wewe unajua rangi za nyati, mheshimiwa. Msumari ndio ujuao uzito wa picha."

Kicheko kikalipuka hadi popo wakatoka darini. Diwani hakucheka. Akazunguka kiambaza kwa hatua za mtu anayekwenda kuchukua funguo, akamkuta mwanamke amelala hewani, meno yameumana.

"Achia, mama."

"Nikiachia, bibi harusi atamwangukia mwenyekiti wa mtaa."

"Lete mimi nishike."

Akapokea kwa mkono mmoja, kiungwana. Waya ukamvuta hadi pua yake ikabusu plaiwudi. Haraka akaongeza wa pili.

"Ina nini hii?"

"Mlango, mheshimiwa. Na kitasa chake. Gaspari amekifanya jicho la nyati."

Mwamvita akaenda upande wa mbele kufuata sanduku lake la kazi. Alipoinua kichwa, nyundo mkononi, akawaona watu wote wanamtazama yeye. Miaka yote ya kutundika, jambo hilo halijawahi kumtokea. Akaiweka nyundo chini taratibu.

"Wageni waalikwa," akasema, "kwa kuwa mheshimiwa ameshika, nami nina mambo saba."

Sauti ikatoka ukutani: "Mama!"

"La kwanza ni salamu. Namsalimu mwenyekiti wa mtaa. Nawasalimu wachoraji wote saba, nikianza na Gaspari, aliyeniambia mambo ya misumari ni madogo."

"Mama, mkono!"

"La pili, namshukuru anayefagia ghala hili. La tatu ni ghala lenyewe, na hapo, wageni waalikwa, nitakaa kidogo."

"Ghala ni lenu!" diwani akapiga kelele, na nyati akatikisa kichwa kwa nguvu. "Kaeni nalo! Leteni msumari!"

"Mwenyekiti, umesikia? Andika."

Ndipo akapigilia misumari mitatu ya inchi sita, bila kuharakisha hata mmoja. Diwani akatoka nyuma, koti limelowa, vumbi la plaiwudi puani. Watu walishusha pumzi walipoona mabega yake yanatikisika; alikuwa akicheka.

Jumatatu alitia saini. Wapo waliomnong'oneza kwamba neno lililotolewa kwa kubanwa halimfungi mtu. Akawajibu: "Nilisema nikikuta utaratibu watabaki. Yule mama ameshika mlango wa mninga muda wote niliokuwa nikihutubia. Na mnajua ninavyohutubia. Mnataka utaratibu gani tena?"

Gaspari mwaka uliofuata alikuja wa kwanza, na hadibodi nyembamba kwapani, akiuliza kwa adabu iwekwe wapi. Na mjini mle, tangu siku hiyo, mtu akiutazama mzigo wa mwenziwe akauita mwepesi, hagombezwi. Huambiwa tu: msumari ndio ujuao uzito wa picha.