Pimbi, Kiboko na Tope Tamu

Jamani, niingie nisiingie?
— Ingia, tumekutandikia mkeka!
Niseme ninyamaze?
— Sema, masikio yako wazi!

Palikuwa na Kiboko, bwana mmoja tumbo kama pipa. Chemchemi ilikuwa moja tu nchi nzima, naye akaifanya bafu lake. Anaingia, chubwi! Anajisaidia humohumo, prrrt! Anatoka, anakwenda kula mashamba ya watu. Wenzake wakija kuteka maji, wanateka hayohayo.

Watoto wakaanza kuhara. Wa Swala akahara, wa Nungunungu akahara, wa Digidigi akahara mpaka macho yakaingia ndani, hata kulia akashindwa.

Kikundi cha kujitolea cha afya kilikuwepo. Kikakutana Jumatatu: "Jambo hili ni zito." Kikakutana Jumanne: "Jambo hili ni zito sana." Jumatano kikachagua katibu.

Pimbi, kajinyama ka mawenimaweni, hakutulia. Akikaa, anasimama. Akisimama, anazunguka.

"Mtoto wa Digidigi anakufa, na nyie mnachagua katibu?"

"Unataka tupigane na Kiboko?" akauliza Nyani, mwenyekiti.

"Sitaki mpigane. Chemsheni maji, yapoe, mtie chumvi na sukari kwa kipimo, mtoto anywe kidogokidogo. Kesho asubuhi njooni bondeni na majembe. Kiboko akija, lieni."

Asubuhi, kule bondeni chini ya chemchemi, majembe yakaita: kwa! kwa! kwa! Kiboko akaja mbio: titi! titi! titi!

"Mnachimba nini?"

"Shikamoo mzee. Hatuchimbi kitu," akasema Pimbi, mikono nyuma.

"Umeficha nini?"

"Tope tu, mzee. Si tamu. Wala halinenepeshi."

"Nani kataja kunenepa?"

"Mimi? Sijataja!"

"Tokeni! Hapa ni pangu!"

Wakaangua kilio. "Mzee, tuachie hata kidogo!" Wengine walilia kwa kuambiwa. Digidigi alilia kweli.

Kiboko akachimba kwa meno, akachimba kwa miguu, akachimba mpaka jua likamgeukia upande wa pili. Maji yanayofurika kutoka chemchemini yakashuka, yakajaza shimo. Akajitosa, chubwi!

"Tamu, mzee?"

"Hayakuhusu!"

Lilikuwa tope kama tope jingine. Lakini angesemaje, na kikundi kizima kinamtazama? Akalamba, akafumba macho. Kila alipotaka kupanda chemchemini, Pimbi alimwambia, "Nenda tu, mzee. Tutakushikia tope lako." Basi habanduki.

Huko juu kikundi kikazungushia chemchemi uzio wa mawe na miiba, kikachimba vyoo mbali na maji. Pimbi anakimbia huku, anakimbia kule: "Bado jiwe hili! Bado mwiba ule!" Siku ya tatu mtoto wa Digidigi akanyonya, kisha akampiga mama yake teke.

Na funzo lake, wanangu, ni hili: kikundi cha kujitolea kisijisumbue na kazi. Kikae, kikutane, kichague katibu, na mpenda makuu kama Kiboko atakuja kuwachimbia. Mkingoja mkaona haji, msiniulize mimi.

Ngano yangu imefika kwake, nami nakwenda kwangu.
— Nenda salama, tumesikia!